Seremala wa Nyumba ya Akina Kajitani

Tarehe 31 Machi 2025, Bi. Nagakubo Suzue, mchoraji mkuu wa mandhari katika studio ya Mwalimu Ukai hapa Shakujii, Tokyo, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na sita kasoro siku saba. Aliombwa azimalizie zile siku saba ili hesabu ikae sawa, akakataa. Alisema mwaka wa kazi unakwisha Machi, na yeye hajazoea kupitisha mstari mahali pake.

Anayeandika ni Dobashi Kikuno, mpishi wa studio tangu mwaka 2002. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, wachoraji wote walisema wana kurasa za kumaliza, kalamu ikamwangukia mwenye mwiko. Sijui kuchora hata yai. Lakini nimemlisha Bi. Nagakubo mlo wa mchana kwa miaka ishirini na miwili, na anayemlisha mtu humjua kuliko anayekaa naye kikaoni.

Wageni wetu wanaijua hadithi ya katuni inayotoka hapa, Asubuhi kwa Akina Kajitani. Hutoka kila wiki mbili tangu mwaka 1987. Ni habari za familia ya watengeneza tofu, jibini la soya, wanaoishi katika nyumba ya zamani kwenye mteremko. Mwalimu Ukai huchora watu. Vilivyobaki vyote, yaani nyumba, barabara, nguzo za umeme, mawingu, sufuria za soya na hata mvua, ni kazi ya Bi. Nagakubo. Kila toleo hufunguliwa kwa picha ileile ya nyumba kukipambazuka, na kwa hesabu yake mwenyewe amechora mapambazuko mia nane hamsini na moja. Katika hadithi hiyo hakuna anayezeeka. Mapacha wako darasa la nne mpaka leo, na Bibi Toyo ana miaka sabini na minane tangu Mwalimu alipokuwa na nywele.

Kwa miaka yote hiyo nyumba ya akina Kajitani haikuwa na ramani. Ilikuwa kichwani mwa Bi. Nagakubo na kwenye kiwiko chake. Kwa hiyo Juni mwaka jana alipotangaza kwamba anastaafu na kurudi kwao Matsumoto, wote tulibaki na swali moja: nyumba itabaki nasi, au itaondoka naye? Wasifu huu ni habari ya swali hilo, na ya jinsi lilivyotutoa jasho.

Bi. Nagakubo hakuanzia kwenye katuni. Alifanya kazi miaka minane katika kampuni ya ujenzi huko Matsumoto, akinakili ramani za nyumba kwa wino. Siku ya usaili, Mwalimu aliwapa waombaji kalamu na karatasi, akawaambia wachore jiko. Mwalimu bado hupenda kusimulia. "Walikuja watu kumi na wawili," husema. "Kumi na mmoja wakachora jiko zuri kabisa. Mmoja akaniuliza ukuta una unene gani. Nikajiambia, huyu atanisumbua maisha yangu yote. Sikukosea." Wenzake walimpa jina la Seremala kabla ya wiki ya kwanza kwisha, na mwenyewe alilipokea, kwa sababu alikuwa na msemo wake: nyumba ikichorwa, lazima isimame.

Kazini alikuwa na taratibu ambazo wageni walizicheka na wenyeji walizifuata. Vitafunio, hata krispi za viazi, alikula kwa vijiti, ili mafuta ya vidole yasifike kwenye karatasi. Vumbi la kifutio alilifagia kwa unyoya, na ole wake aliyepuliza kwa mdomo. Ilipotakiwa barabara ndefu, ile sehemu ya mbali ambapo mistari yote hukutana ilikuwa ikiangukia nje kabisa ya karatasi, wakati mwingine nje ya meza. Basi alipiga pini kwenye fremu ya mlango wa jiko langu, akafunga uzi, akauvuta mpaka mezani kwake na kuufuata kwa rula. Nimepita chini ya uzi huo nimebeba supu ya miso ya watu saba zaidi ya mara mia. Siku moja nilisahau. Uzi ulikatika, supu ikaenda sakafuni, na yeye akaniuliza kwa upole kama nimeumia, huku macho yake yakitazama pini. Nilimnunia mpaka Alhamisi.

Amefundisha wasaidizi kumi na mmoja. Wanne sasa wana hadithi zao wenyewe magazetini, na wote wanne huleta zawadi mwisho wa mwaka na kusimama wima akipita. Mwaka 2011 makumbusho ya wilaya yalitundika picha zake arobaini za mapambazuko. Siku ya ufunguzi alipita na rula, akakuta picha ya kumi na saba imening'inia upande, akainyoosha, akarudi kazini.

Sasa nifike kwenye dirisha. Asiye wa kazi hii anapaswa kujua kitu kimoja. Mwalimu akitia alama ya X kwa penseli ndani ya umbo, maana yake ni jaza wino mweusi. Hiyo ni lugha ya studio zote za nchi hii, na mkono huitii bila kusubiri akili. Asubuhi moja ya Oktoba 1994, Mwalimu alikosea kidogo mahali pa dirisha la ghorofani, dirisha la chumba cha Bibi Toyo. Akalikata kwa X, akinuia kulichora upya kushoto kidogo. Mtu yeyote wa nje angeiona X ile akajua kwamba kitu kimefutwa. Bi. Nagakubo aliiona, akajaza wino. Mhariri alikuwa amesimama mlangoni bila hata kuvua viatu, akapokea kurasa, akaondoka.

Ubaya ni kwamba dirisha lile halikuwa limewahi kuwa giza hata mara moja. Bibi Toyo ndiye huamka wa kwanza kusaga soya, na kila toleo lilianza na taa yake. Gazeti lilipotoka, zikaja barua mia nne na kumi na mbili. Wengi waliuliza kama Bibi ni mgonjwa. Wengine hawakuuliza, walitoa pole. Mama mmoja wa Akita alituma pakiti ya ubani na kikaratasi: "Kwa roho ya Bibi Toyo. Alifanana na mama mkwe wangu, ila yeye nilimpenda."

Mimi sikuwapo wakati huo. Nimesimuliwa na Mwalimu, na Bi. Nagakubo hakuwahi kukanusha. Mwalimu alimwita, na kila mtu studioni alijua kwamba anafukuzwa. Mwalimu akauweka ule ubani mezani.

"Umemuua," akasema. "Sasa niambie, nizike au nifufue?"

"Hajafa, Mwalimu. Amehamia chini."

"Chini? Kwa nini?"

"Ngazi za nyumba ile ni kumi na tano, na zimesimama mno. Nimezichora miaka mitano, nazijua. Magoti ya bibi wa miaka sabini na minane yamechoka nazo."

"Na huko chini kuna chumba?"

"Kipo. Nyuma ya jiko. Ukubwa wa mikeka minne na nusu."

Alijibu bila kupepesa macho. Toleo lililofuata, Bibi Toyo aliamka nyuma ya jiko, akayalalamikia magoti yake kisanduku kizima, na wasomaji wakatulia. Tangu hapo Mwalimu hakuandika kisa chochote cha nyumbani bila kumwuliza Seremala kwanza nani anaweza kumsikia nani, na mtu akitoka bafuni amevaa taulo atakutana na nani. Visa vingi mlivyovicheka vilizaliwa hivyo. Ninasema wazi, kwa sababu jina lake halipo kwenye jalada.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakumwambia mtu. Chumba hakikuwapo. Nyuma ya jiko palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta palikuwa na jirani.

Alinuia kurekebisha wiki iliyofuata. Lakini kila wiki ina kurasa zake, na uongo mdogo ukishapewa kitanda hauamki. Alipochora chumba cha Bibi, alikata nusu mkeka kutoka jikoni. Alipochora jikoni, aliusogeza ukuta wa bafu. Bafu nalo likabana ngazi. Alifanya hivyo kwa mkono mzuri kiasi kwamba hakuna aliyegundua, isipokuwa mpishi. Mwaka 2009, wakati wa mlo wa mchana, nilinyanyua gazeti nikasema, "Friji ya hawa haifunguki. Ukiifungua inagonga meza. Mwanamke wa nyumba hii anatoaje maziwa?" Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Wote walicheka, wakaniambia, "Mama Kikuno, lete wali." Bi. Nagakubo peke yake hakucheka. Aliweka vijiti chini, uso umemwiva. Mimi nikadhani nimezidisha haradali.

Tuje kwenye mwaka huu wa mwisho. Ili nyumba isiondoke naye, Mwalimu na mchapishaji walikubaliana ijengwe ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, ili mchoraji yeyote aweze kuizungusha na kuichora kutoka upande wowote. Kazi alipewa Bw. Inokuma Takeru, baba wa watoto wawili, aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Bi. Nagakubo kwa miaka tisa. Aliyakusanya mapambazuko yote na picha za ndani, akapima kila kitu kwa kufuata ngazi na milango. Ilimchukua miezi mitano. Bi. Nagakubo alimjibu kila alichouliza, ila majibu yake yalizidi kuwa mafupi. Wakati huo sikuelewa kwa nini.

Mwishoni mwa Novemba, saa tano asubuhi, Bw. Inokuma aliinuka na kwenda mezani kwake. Ni mtu wa adabu. Aliinama mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Bi. Nagakubo, samahani sana. Huenda nimekosea mimi. Lakini kwa vipimo hivi, Bibi Toyo analala ndani ya bafu la jirani."

"Mwili mzima?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kuanzia kiunoni."

Studio nzima ilipasuka kwa kicheko. Nami nilicheka, nakiri. Bi. Nagakubo aliosha kalamu yake, akaikausha, akavaa koti na kutoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Katika miaka yangu yote hapa sikuwa nimeona kiti chake kitupu siku ya kazi. Niliweka bakuli lake mezani siku zote mbili, na siku zote mbili nililirudisha safi kabatini. Iliniuma sana. Mtu ambaye maisha yake yote alisimamia neno moja, kwamba nyumba lazima isimame, tulikuwa tumemwonyesha mbele ya watu kwamba ya kwake haisimami.

Siku ya tatu alirudi na karatasi iliyoviringishwa mkononi. Mhariri alikuwapo siku hiyo, amekuja kujua kompyuta itakuwa tayari lini. Bi. Nagakubo aliitandaza karatasi kwenye meza ya chakula, juu ya kitambaa changu. Ilikuwa ramani ya nyumba, iliyochorwa kwa wino kama alivyochora Matsumoto, ya kwanza kuwahi kuwapo. Ilionyesha kila kitu kilivyo, na mahali pa chumba cha Bibi Toyo palikuwa na ukuta mtupu.

"Mwalimu, nilikudanganya," akasema. "Chumba hakipo. Hakijawahi kuwapo."

Mwalimu alivaa miwani, akaitazama ramani kwa muda mrefu. "Miaka thelathini?"

"Thelathini."

"Ndiyo maana. Kila nikikuandikia watu sita jikoni, unanichorea wanne na mgongo mmoja."

Mhariri hakucheka. Si mtu mbaya, naye ana wakubwa wake. Alisema kwamba kuanzia Aprili mandhari zote zitatoka kwenye kompyuta, na kompyuta haidanganyiki. Huenda umefika wakati wa kumpumzisha Bibi Toyo. Anaweza kufa vizuri, kwa heshima, katika toleo moja zuri la masika, cheri zikichanua. Wasomaji vijana, alisema, hata hawamfuatilii. Chumba kikiondoka, nyumba inakaa sawa.

Bi. Nagakubo alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Afadhali muondoe jina langu mahali pote lilipo," akasema. "Semeni nyumba ilikosewa na mimi, hilo ni kweli. Mimi nina pensheni, na nina dada Matsumoto. Bibi Toyo hana pa kwenda."

Hapo niliacha kujifanya naosha masufuria. Mwalimu aliivua miwani, akaikunja.

"Mhariri, Mama Kikuno atakupa chai, ukainywe kule nje," akasema. "Seremala, kaa hapa. Tunavunja ukuta."

Yaliyofuata mmeyasoma wenyewe katika matoleo matatu ya Januari na Februari, ila sasa mnajua yalitoka wapi. Friji ya akina Kajitani inagoma kufunguka, familia inagombana jikoni, na mama wa nyumba anaapa kwamba nyumba hii imekuwa ikipungua. Mzee Hamaji, yule jirani mkali, anakubali kuhamishia bafu lake upande wa pili na kuwaachia kipande cha uwanja upana wa mita moja na nusu, kwa sharti kwamba apelekewe tofu ya moto kila asubuhi mpaka afe. Na kwa kuwa humo hakuna anayezeeka, mapatano hayo yatawagharimu sana.

Uvunjaji wa ukuta Bi. Nagakubo aliuchora peke yake. Hakutaka kubuni. Alitafuta nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa kule Oizumi, akasimama kwenye baridi siku nne akitazama jinsi ukuta wa udongo unavyoanguka, na jinsi fito za mianzi ndani yake zinavyobaki zimesimama kwanza. Msimamizi wa mafundi alimwuliza kama naye ni mtu wa ujenzi. Alijibu, "Wa karatasi." Wakampa kofia ngumu. Kurasa zile ndizo nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, na sisemi mimi, anasema Mwalimu, ambaye si mwepesi wa kusifu. Kisanduku cha mwisho ni jiko jipya, watu sita mezani na friji iko wazi kabisa. Nakala yake imebandikwa juu ya sinki langu, na anayetaka kuitoa aje anione kwanza.

Ijumaa ya tarehe 21 Machi, baada ya mlo wa mchana, Bw. Inokuma aliingiza vipimo vipya. Ilikuwa siku ya mtihani, kwa sababu mashine ile huchora mstari mwekundu kila kuta mbili zinapogongana. Sote tulisimama nyuma yake, na Bi. Nagakubo akasimama mbali kidogo, karibu na mlango wangu. Bw. Inokuma alibonyeza. Tulisubiri. Mstari mwekundu haukutokea. Aliizungusha nyumba juu chini, akaipasua katikati, akaangalia chini ya sakafu. Hapakuwa na kitu.

"Bi. Nagakubo, njoo," akasema. "Ungependa tutazame kutoka wapi?"

Alisogea, akavuta kiti. "Ingia chumba cha Bibi," akasema. "Shusha jicho. Shusha tena. Mpaka usawa wa mto wa kulalia."

Tangu hadithi ianze, hakuna aliyeichora nyumba ile kutoka hapo. Kwenye kioo ulionekana ukingo wa mkeka, kisha kizingiti, kisha jiko lote, na mwisho kabisa, mbele ya macho, mlango mkubwa wa nyumba. Bi. Nagakubo alitazama. Nilidhani anatafuta kosa.

"Anauona mlango," akasema. "Vizuri. Anayeingia atamwamkia, anayetoka atamuaga." Akamgeukia Bw. Inokuma. "Basi ni yako. Usiipambe."

Nililia, na Mwalimu naye alilia, ingawa atakanusha mkimwuliza. Bi. Nagakubo aliomba chai.

Bi. Nagakubo, kwa niaba ya Mwalimu Ukai, ya Bw. Inokuma na wachoraji wote, na ya mama wa Akita ambaye bado anatuandikia kila mwaka mpya, tunakushukuru kwa miaka hii yote. Ulipokosea, ulikosea kwa kutii. Ulipodanganya, ulidanganya ili bibi kizee asizikwe kabla ya siku yake, na ulipoumbuka hukumwuza. Wengi huondoka kazini na kuacha kiti. Wewe unaondoka na kuacha nyumba ambayo kila mtu ana pa kulala. Magoti yako yakae imara, dada yako akupikie vizuri kama nilivyokupikia mimi, asizidi. Uwe na siku nyingi na njema, Seremala wetu, na ukija Tokyo ujue bakuli lako halijagawiwa mtu.